Damu ya Kulinganishia

Katika maabara iliyojengwa nyuma ya hospitali kuu, baina ya chumba cha kufulia mashuka na uwanja wa kuegeshea magari, mtafiti mmoja wa kinga ya mwili alijulikana na wenzake kwa jina la Bi Utulivu. Jina hilo halikutokana na upole. Mama huyu wa makamo alikuwa mkali wa kutosha, na mtu aliyethubutu kuacha mlango wa friza wazi aliusikia ulimi wake hadi koridoni. Lilitokana na damu yake.

Anayetafiti ugonjwa huhitaji damu ya wagonjwa, na huhitaji pia damu ya mtu mwenye afya ya kuilinganisha nayo. Maabara ile haikuwa na haja ya kutafuta mbali. Tangu alipoajiriwa, akiwa bado msichana, Bi Utulivu alikuwa akikunja mkono wa gauni na kumpa fundi wa maabara mshipa. Chembechembe nyeupe za damu yake, zikiwekwa katika visima vidogo vya sahani ya plastiki na kuachwa bila kuchokozwa, zilikaa kimya. Zikitiliwa vipande vya vijidudu vya kifua kikuu vilivyokwisha kuuawa, hazikushtuka pia, kwa kuwa hazikuwahi kukutana na mdudu huyo. Visima vya wagonjwa viligeuka manjano. Vyake vilibaki vyeupe kama maji ya mvua.

"Damu hii ina usingizi wa mtoto aliyeshiba," fundi alikuwa akisema kila akisoma sahani. Alikuwa mwanamume mnene, mcheshi, mtunzaji wa mafriza, na kwa hiyo wote walimwita Bwana Barafu.

Rangi ile ya manjano ndiyo iliyokuwa kazi ya maisha ya Bi Utulivu. Ilikuwa alama ya mchochota, yaani ile hali ya mwili kupandwa na joto na kuvimba unapopambana na maradhi. Katika ujana wake aliwahi kufanya kazi katika wodi ya watoto, na huko aliwaona wachanga ambao kifua kikuu kilikuwa kimewapanda hadi kwenye utando wa ubongo. Dawa iliua vijidudu, na bado mtoto akafa. Kilichommaliza ni kinga yake mwenyewe, mfano wa walinzi wanaovunja kila mlango wa nyumba wakimsaka mwizi mmoja. Tangu hapo hakuuliza swali jingine: kwa nini walinzi hawajui kuacha?

Aliishi katika nyumba ndogo ya kupanga, na baada ya miaka mingi ya ujane na ukimya, nyumba hiyo ilikuwa imepata sauti. Binti yake wa pekee alikuwa amerudi na begi moja la nguo na mtoto mchanga, akiwa ameacha nyuma ndoa iliyovunjika. Bi Utulivu hakuuliza mengi. Kila jioni alivua viatu mlangoni, akanawa mikono hadi viwikoni kama ilivyo ada ya watu wa kazi yake, kisha akamchukua mjukuu na kumlaza kifuani. Mtoto alilala pale, mdomo wazi, akivuta pumzi ya bibi yake.

Asubuhi moja sahani ilitoka katika mashine ya kusomea ikiwa na manjano mahali pasipostahili. Visima vya Bi Utulivu vilikuwa vimepata rangi, hata vile ambavyo havikuchokozwa na kitu.

"Maji," alisema papo hapo. "Maji ya lishe ya chembechembe yameingia uchafu."

"Visima vyenye maji matupu viko safi, Dokta," alijibu Bwana Barafu. "Vitazame."

"Basi ni mikono yako."

"Haya, leo ni mikono. Kesho utasema ni kivuli changu."

Profesa, mkuu wa kitengo, alisimama nyuma yao akikuna shingo. "Kwa hiyo kazi yote hii tunaimwaga kwenye sinki, eti kwa sababu ya maji?"

"Tunaimwaga, Profesa. Tunaanza upya."

Hakuna aliyeshangaa. Watu wa maabara wana tabia yao: jibu likija vibaya, hulaumu chupa kwanza, kisha mashine, kisha mkono uliofanya kazi. Mwenye damu hakumbukwi, hasa ikiwa damu yenyewe imekuwa kipimo cha wengine kwa miaka na miaka. Chupa nzima ya maji ya lishe, isiyo na kosa lolote, ikamwagwa. Ikaagizwa nyingine. Na katika siku zote za kuingoja, Bi Utulivu aliendelea kurudi nyumbani, kunawa mikono na kumlaza mjukuu kifuani.

Chupa mpya ilipofika, Bwana Barafu alifanya jambo bila kuambiwa. Alijitoa damu yake mwenyewe, akaiweka katika sahani moja na ya Bi Utulivu, maji yale yale, saa ile ile, mikono ile ile. Sahani ilipotoka, safu yake ilikuwa nyeupe. Safu ya Bi Utulivu ilikuwa manjano, na vile visima vilivyotiliwa vipande vya kifua kikuu vilikuwa vimekolea kiasi cha kutisha.

Safari hii fundi hakutania. Alivuta kiti. "Kaa kwanza, Dokta."

"Sina haja ya kukaa," alisema Bi Utulivu, akakaa.

Alijaribu kujipa moyo kwa njia zote anazozijua msomi: sahani si kipimo cha hospitali, damu huweza kuchochewa na jino bovu, na mtu aweza kubeba mdudu huyu maisha yake yote asiugue. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililomtuliza.

"Nyumbani uko na nani siku hizi?" aliuliza Bwana Barafu kwa sauti ya chini, ingawa alijua, maana yeye ndiye aliyewachangisha wenzao zawadi ya mtoto.

"Unajua niko na nani."

"Basi usichelewe."

Alichelewa. Haikuwa muda mrefu, lakini kwa mtu aliyejua anachokijua, hata jioni moja ilikuwa nyingi. Aliogopa kwamba akilitamka jambo litakuwa kweli. Aliogopa pia kwamba binti yake, aliyekwisha kufukuzwa mahali pamoja, atabeba begi lake tena na kutokomea na mtoto. Kwa hiyo akaamua kujitenga kimyakimya. Alifungua madirisha yote. Alikaa kibarazani hadi baridi ikamwingia mifupani. Mtoto akiletwa, alisema mgongo unamuuma. Na kila alipofumba macho aliwaona wale wachanga wa wodi, wamekakamaa shingo, macho yametazama upande mmoja, na kila mmoja wao alikuwa na uso wa mjukuu wake.

Ijumaa jioni alimkuta binti chumbani anakunja nguo za mtoto na kuzipanga ndani ya begi.

"Unakwenda wapi?"

"Sijui bado. Lakini mimi si mjinga, Mama. Ulikuwa unampokonya mikononi mwangu, sasa hata kumtazama hutaki."

"Nilikwambia, mgongo."

"Mgongo gani huo unaoinua ndoo za maji na kushindwa na mtoto?" Binti alifunga zipu kwa nguvu. "Baba wa mtoto huyu alianza hivi hivi. Kwanza mgongo, halafu kazi nyingi, halafu akanionyesha mlango. Kama tumekuchosha, sema tu. Mwambie mwenyewe." Akamnyanyua mtoto kitandani na kumsogeza kwa bibi yake.

"Usimlete kwangu!"

Ilikuwa sauti ambayo binti hakuwahi kuisikia. Mtoto alishtuka, akaanza kulia. Bi Utulivu alikuwa amerudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta, kiganja kimeziba mdomo.

"Mwanangu," alisema kupitia vidole, "mimi ni mgonjwa. Nadhani ni kifua kikuu."

"Unadhani, au unajua?"

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumanne."

"Na kabla ya Jumanne?"

"Kabla ya Jumanne niliyalaumu maji."

"Maji gani?" Binti hakuelewa, na hakungoja kuelezwa. Alimtazama mwanawe, kisha mama yake, na uso wake ukapauka. "Mama. Amekulalia kifuani kila siku."

"Najua, mwanangu. Najua."

Kesho yake asubuhi walikwenda kliniki, wakaketi mbali mbali kwenye benchi la nje kama watu wasiojuana. Daktari alikuwa msichana mdogo mwenye haraka, ambaye hakujua yuko mbele ya nani, na Bi Utulivu alilishukuru hilo.

"Umekohoa kwa muda gani, mama?"

"Sikohoi."

"Anakohoa," alisema binti kutoka mlangoni. "Tangu nilipokuja. Anasema ni vumbi."

Bi Utulivu alifungua kinywa abishe, akakifunga. Alikumbuka vumbi. Alikumbuka glasi ya maji aliyoiweka karibu na kitanda, na jinsi alivyokuwa akigeuza uso pembeni ili asimwamshe mtoto. Alikuwa amekisikia kikohozi cha kila mtu duniani isipokuwa chake. Picha ya mapafu ilipobandikwa kwenye taa, hakumngoja daktari. Juu ya pafu la kulia palikuwa na wingu dogo lenye kingo za ukungu.

Ikawa zamu ya mtoto. Daktari alimlaza mezani, akasikiliza kifua, akamkunja shingo taratibu, kisha akaweka vidole viwili juu ya utosi. Utosi wa mchanga ukijaa na kukakamaa, kuna shida ndani ya ubongo. Bi Utulivu alivikazia macho vidole vile kupitia mlango uliokuwa wazi nusu, na roho yake ikawa juu, hata hakuhisi kwamba alikuwa ameshika fremu ya mlango mpaka kucha zikamuuma.

"Utosi umekaa sawa," alisema daktari. "Na picha ya kifua chake ni safi kwa sasa."

Binti alishusha pumzi na kuanza kulia. Bi Utulivu hakulia, kwa sababu alikuwa amesikia yale maneno mawili ya mwisho, na alijua yamebeba nini. Daktari akaeleza: mtoto atapewa vidonge vya kukinga, vya kuyeyusha katika maziwa, bibi ataanza dawa leo hii na kukaa peke yake kwa majuma ya kwanza, madirisha wazi, na mtoto akitapika, akilala kupita kiasi, au akilia kilio kisicho cha kawaida, aletwe bila kungoja.

"Kuna ndugu mwingine mnayeweza kwenda kukaa kwake?" daktari alimuuliza binti.

Bi Utulivu alitazama sakafu.

"Yeye atakaa chumba cha nyuma," alijibu binti, akijifuta uso kwa nguo ya mtoto. "Mimi sina pa kwenda, na hata ningekuwa napo nisingekwenda. Nani atahakikisha amemeza dawa? Huyu aliyelaumu maji?"

Kwa hiyo nyumba ikagawanyika. Chakula kiliachwa kwenye kiti nje ya mlango. Profesa alituma salamu na likizo. Bi Utulivu alimeza vidonge vyake vikubwa mbele ya dirisha ili binti amwone kutoka uani, na mkojo wake ukageuka rangi ya chungwa, kama alivyojua utageuka. Ugonjwa wake mwenyewe haukumwogopesha. Alikuwa amesoma kila kitu juu yake. Kilichomnyima raha ni ukuta.

Nyuma ya ukuta ule mtoto alilia mara nyingi, kama walivyo watoto wote, na kila mara bibi yake aliacha alilokuwa akilifanya na kubandika sikio. Kilio cha njaa hupanda na kushuka. Kilio cha ubongo ulioshikwa ni chembamba, kimenyooka kama uzi, na aliyewahi kukisikia hakisahau. Alichambua kila mlio. Alikuwa ametenganisha vitu vidogo kuliko hivyo maisha yake yote, lakini hapa hakukuwa na rangi ya kumwonyesha, wala safu ya pili ya kulinganishia.

Alasiri moja kilio kilianza ghafla na kukaa juu. Alikurupuka kitandani.

"Analiaje huyo?" alipiga kelele.

"Analia kama mtoto, Mama!"

"Ametapika?"

"Hajatapika. Ametoka kulala, ana njaa, na mimi pia nina njaa. Utulie."

"Gusa utosi."

Kilio kilishuka, kikapanda tena.

"Nimegusa. Umekaa sawa."

Bi Utulivu aliegemeza paji la uso kwenye ukuta wa baridi. Alijua kwamba dawa huchukua muda, na kwamba hofu hii itakuwa naye kila saa mtoto atakapoamka, kwa miezi.

"Gusa tena, mwanangu," alisema. "Polepole. Halafu uniambie."

Na binti yake, bila kulalamika, akagusa tena.