Nilivyoinywa Nyongo Yangu

Kama uko mezani, malizia kwanza chakula chako, ndipo unisikilize. Mungu ameniacha hai ili niwaeleze wenzangu, na mambo haya hayana namna ya kuelezwa kwa maneno ya manukato.

Mimi ni mwanamke wa Bwiza, mtaa wa Bujumbura, mke wa fundi magari, na nilikuwa nauza sambusa. Watu walitoka hadi mtaa wa Nyakabiga kuja kula za kwangu kwa sababu walijua usafi wa mikono yangu. Kinyaa nilizaliwa nacho. Nikiona unywele mmoja kwenye sufuria, chakula chote namwaga. Kikombe kilichoguswa na mdomo wa mtu mwingine sinywei. Na kwetu hapa mtu akikupa kinywaji hukionja yeye kwanza mbele yako, ujue hakina sumu. Miaka ile ya vita hakuna aliyethubutu kuiacha desturi hiyo. Mama mkwe wangu, anayekaa Musaga, alikuwa anaonja juisi, ananipa kikombe kilekile, nami natoa cha kwangu kwenye mkoba na kumimina humo. Yeye anatazama pembeni. Miaka yote hakunisamehe, na mimi sikumwomba msamaha.

Ugonjwa ulianza miaka hiyohiyo ya vita, kwa maumivu chini ya mbavu za kulia, kila nilipokula chenye mafuta. Nikasema ni gesi tu. Baadaye ikaja homa ya kutetemesha kitanda. Mume wangu, Baba Zainabu, akaniletea kwinini, maana Bujumbura kila homa tunaiita malaria. Nikameza, nikatapika kijani. Mkojo ukawa mweusi kama chai iliyolala. Choo kikawa cheupe kama majivu yaliyoloweshwa, kinaelea, kinanuka hadi mwenyewe nikaona haya. Mwili ukawasha, nikajikuna mpaka damu. Kisha binti yangu Zainabu akanitazama asubuhi, akasema macho yangu yamekuwa manjano kama ya mbuzi.

Siku hiyo risasi zililia mtaani tangu alfajiri, hakuna gari lililopita. Kesho yake nilikuwa naropoka maneno yasiyoeleweka. Mume wangu akanipakia kwenye gari la mteja wake, likiwa halijakwisha kutengenezwa, akanifikisha hospitali.

Daktari alinigusa chini ya mbavu, nikapiga ukelele. Akamgeukia mume wangu.

"Mufereji ya nyongo imezibwa na jiwe," akamwambia. "Nyuma ya jiwe kumejaa usaha. Hii haingoje."

Wakanipa dawa za mshipani za kuua vijidudu, kisha wakanipasua, wakalitoa jiwe. Nilipozinduka, mpira mwembamba ulikuwa unatoka ubavuni mwangu na kumwaga kwenye chupa chini ya kitanda. Chupa ile, jamani! Ndani mlikuwa na kitu cha kijani cheusi chenye madonge, kinanuka kama panya aliyefia nyuma ya kabati. Na kilikuwa changu. Nilijifunika pua kwa kanga, lakini utaukimbiaje ubavu wako mwenyewe?

Hospitalini kwetu mgonjwa huhudumiwa na watu wake. Mume wangu alijaribu kuimwaga chupa, akarudi ametapikia viatu. Mapigano yalipotulia na barabara ya Musaga kufunguliwa, akaja mama mkwe. Aliibeba chupa, akaimwaga, akaisuuza, akairudisha mahali pake, kila siku hivyohivyo.

Homa ikashuka, usaha ukaisha, chupa ikaanza kujaa nyongo safi ya rangi ya asali. Nikadhani nimepona. Kumbe njia ya kuteremkia tumboni ilikuwa bado imevimba, nyongo yote inatokea nje, na maji na chumvi za mwili zinaondoka nayo. Midomo ikapasuka, miguu ikakakamaa, sikuweza hata kuinua kichwa. Serumu, yale maji ya dripu ya mshipani, zilikuwa adimu, maana nchi zilizotuzunguka zilikuwa zimetuwekea vikwazo.

Daktari akaja, akaitazama chupa, akanitazama mimi.

"Mama Zainabu, serumu iko karibu kuisha. Hii nyongo tumeipima, iko safi. Utaikunywa."

Nilidhani homa imerudi na ndiyo inayoongea. Nikamuuliza anywe nani.

"Ni we. Usipoikunywa, tutakupoteza."

Akaeleza kwamba ichujwe, ipoe, ichanganywe na juisi ya marakuja, yale matunda ya pasheni. Nikamwambia bora nife, na nilisema kwa moyo wangu wote. Halafu nikasema ni najisi, na mimi ni mtu wa swala. Hapo nilijua mama mkwe ataniunga mkono, kwa sababu katika ukoo wetu hakuna anayeishika dini kama yeye.

Nilipogeuza shingo, yeye alikuwa anachuja kwa kitambaa cheupe. Akakoroga, akasogea kitandani. Akafanya kama anavyofanya nyumbani kwake: akakiinua kikombe mbele ya macho yangu, akaonja. Niliona koo lake likimeza. Akajifuta mdomo kwa pindo la kanga.

"Mi nimeonja," akasema. "Haina sumu. Kinywa tutaosha, lakini mufu haturudishe. Kunywa, mutoto wangu."

Mkoba wangu ulikuwa Bwiza. Nikanywa palepale alipoweka mdomo wake. Uchungu wa nyongo unajificha nyuma ya marakuja, halafu unarudi kooni ukiwa peke yake, na harufu inatokea puani. Nikatapika yote juu ya shuka. Hakunigombeza. Akachanganya kikombe kingine, akaonja tena. Kila kikombe nilichokunywa mle hospitalini alikitangulia yeye, mpaka siku daktari alipoufunga mpira na nyongo ikashika njia yake. Choo kilipopata rangi, nilimwita aje akione, na tulilia wote wawili chooni.

Namshukuru Mungu, na daktari yule, na mama yangu wa Musaga. Wewe unayenisikiliza, ukiona homa ya kutetemeka, maumivu chini ya mbavu za kulia na macho ya manjano, usikae nyumbani ukimeza kwinini. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Na nyongo usiiguse kwa akili yako, mimi yangu ilipimwa kwanza.

Kinyaa sijapona. Mpaka leo natembea na kikombe changu kwenye mkoba, arusini, matangani, kokote ninakoalikwa. Nikienda Musaga nakiacha nyumbani.