Koki Isiyotoa Maji

Huku visiwani kwetu, kaskazini ya mbali, mwanamume atakuazima shoka, nyavu, hata suruali yake ya kanisani, lakini injini ya boti yake huigusi. Si uchoyo. Kugusa injini ya mtu ambaye hajakuita ni kumtangazia kwamba amekwisha. Mimi nilizaliwa bara, kwenye mashamba ya viazi, ambako trekta la mtu likizima hata mchungaji atakuja kuchungulia ndani. Nimeolewa huku, nimezaa huku, na jambo hili bado linanikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Disa ni shangazi wa mume wangu. Ni mwanamke mfupi, mgumu, ambaye sijawahi kumwona amekaa bila kitu mikononi. Kama hafumi soksi, anaparua samaki. Alipoolewa na Runar alihamia Tallgrund, na Tallgrund ni mwamba wenye nyumba moja tu, yao. Feri ya serikali haisimami pale. Duka, daktari, kanisa, vyote viko ng'ambo, na njia ya kuvifikia ni boti yao ya mbao, yenye injini ya dizeli ya kizamani inayopozwa kwa maji ya bahari.

Runar alipoanza kusahau, alianza na majina ya watu, na hilo halikutusumbua, wengine tulishukuru. Kisha akasahau njia ya kurudi nyumbani kutoka choo cha nje, hatua chache tu. Binti yao Maj-Len akaja kutoka mjini na mumewe, wakakaa mezani, wakapatana na mama yao. Maadamu boti inatembea na Disa anaiendesha, wazee wabaki kisiwani. Siku boti itakaposhindwa, watahamia mjini, kwenye nyumba ya wazee.

"Na msije mkanunua nyingine," Maj-Len akasema. "Sikuambii kwa ubaya, mama. Hiyo ikifa, imekufa."

"Haitakufa," Disa akasema. "Kunywa kahawa yako."

Kila Oktoba, kabla bahari haijaganda, boti za huku huvutwa kwa winchi mpaka ndani ya banda, na injini hufungwa kwa majira ya baridi. Tallgrund kazi hiyo ilikuwa ya Runar. Humwaga oili ya zamani ingali ya moto na kutia mpya. Hujaza tangi la dizeli mpaka juu, unyevu usipate pa kukaa. Betri huiingiza nyumbani, nyuma ya jiko. Kazi kubwa huja mwisho, nayo ni kutoa maji. Maji yakibaki ndani ya injini yakaganda, hutanuka, na chuma hakijui kutanuka. Kinapasuka. Wengine humimina dawa ya kuzuia kuganda; Runar aliiita juisi, akasema juisi ni ya watoto. Yeye alikausha.

Injini yake ina koki mbili za kutolea maji. Moja iko mbele, juu, unaifikia umesimama. Nyingine iko nyuma, chini kabisa, na kuifikia lazima ulale kifudifudi upapase. Hiyo ya nyuma ndiyo inayotoa maji ya mwili wa injini, na tundu lake hujaa kutu na tope. Ukiifungua usione hata tone, usifurahi. Maji yamo, ila mlango umeziba. Kwa hiyo ukutani mwa banda, kwenye msumari, ilining'inia spoki ya baiskeli. Unachokonoa, kutu inadondoka, halafu maji yanashuka kama ng'ombe anakojoa. Runar alingoja mpaka tone la mwisho, kisha akaita kutoka mlangoni: "Kavu." Disa akisikia hivyo, anateleka kahawa. Waliishi hivyo tangu ujana, mpaka neno lenyewe likawa lao kwa kila kitu kilichokwisha. Vyombo vikishaoshwa, kavu. Ugomvi ukiisha, kavu.

Oktoba ile nilimuuliza mume wangu, Krister, tukiwa tunakula. "Nani atafunga injini ya Mzee Runar mwaka huu?"

"Runar."

"Runar juzi ameniuliza mimi ni mtoto wa nani."

"Mikono yake inakumbuka."

"Mikono haina ubongo, Krister. Nenda kamsaidie."

"Ameniita?"

"Atakuitaje, na jina lako halijui?"

Akavuta bakuli la viazi karibu yake, maana yake mazungumzo yamekwisha.

Yaliyotokea bandani siku Runar alipoifunga injini alinisimulia Disa mwenyewe, baadaye sana, jikoni kwangu. Alikwenda akasimama mlangoni akijifanya amemletea mzee glavu. Na kweli, mikono ilikumbuka. Oili aliimwaga bila kuchafua, tangi alilijaza, betri aliifungua. Alifungua koki ya mbele. Akalala kifudifudi, akapapasa, akafungua ya nyuma. Koki zote mbili hazikutoa hata tone. Spoki ilikuwa kwenye msumari wake, nyuma ya kisogo chake. Runar akangoja kidogo, akainuka, akajifuta mikono kwa tambara, akasema, "Kavu."

Sakafu chini ya injini ilikuwa kavu kama ya kanisa.

"Si ungemwambia tu, shangazi?" nikamwambia. "Chukua spoki, mzee. Basi."

"Alikuwa anatabasamu."

"Na atabasamu. Ungemwambia."

"Wewe ungemwambia," Disa akasema. "Ndiyo maana watu wakikuona gatini wanajifanya wanafunga kamba."

Nilijua anawaza nini. Kiangazi kile mkwe wao alikuwa amemnyang'anya Runar usukani mbele ya gati zima, kwa ile sauti tamu ya kusemeshea watoto: tuachie sisi, baba, wewe pumzika. Mzee alirudi nyumbani akalala akiangalia ukuta, akakataa chakula hata Disa akaanza kufikiria jeneza. Hakutabasamu tena mpaka siku ile ya injini.

Basi Disa akaenda akateleka kahawa, kama kawaida. Wakanywa na mkate mweusi. Mzee alipojilaza baada ya chakula cha mchana, Disa akarudi bandani, akaitoa spoki kwenye msumari. Vidole vyake vimevimba kwa ugonjwa wa viungo, na maisha yake yote hakuwahi kuigusa injini ile hata kwa kuifuta vumbi. Alichokonoa koki ya mbele. Yakatoka maji ya rangi ya kutu, bakuli zima, na moyo ukamtulia. Kisha akalala kifudifudi kutafuta ya nyuma. Mkono ulikwama kwenye kiwiko. Alipapasa nati, mabomba, akachokonoa mahali alipodhani ni penyewe, pasitoke kitu. Akajiambia kwamba bila shaka ya mbele imeyatoa yote.

Simu ilikuwa mfukoni. Kutoka pale mlangoni aliliona dirisha la jiko letu ng'ambo ya maji, na Krister angefika kahawa ikiwa bado ya moto. Lakini Krister angefunga boti yetu gatini kwao, na Runar angeiona. Na kabla jua halijazama wanaume wote dukani wangejua kwamba injini ya Runar imefunguliwa na mtu mwingine. Akaitundika spoki mahali pake.

Januari baridi ilikuja ya kuvunja. Bahari iliganda mpaka upeo wa macho, na kuta za mbao zikawa zinalia kama bunduki. Nilikwenda kwao kwa miguu juu ya barafu, nimewabebea maziwa. Kila ukuta ulipolia Disa aliinua kichwa na kutazama upande wa banda.

"Ni nyumba tu hiyo, mama," Runar akamwambia.

"Najua."

"Inajikunja kwa baridi."

"Najua, Runar. Kula."

Nilipopita bandani kuchukua kuni nikakuta injini imefunikwa mablanketi. Juu kabisa kulikuwa na lile la sufu walilopewa siku ya harusi yao. Nikadhani mzee ndiye kachanganyikiwa. Kumbe ni Disa, ambaye anajua vizuri kuliko mimi kwamba kitu kisicho na joto lake hakipati joto kwa kufunikwa.

Barafu iliondoka Aprili. Kushusha boti majini ni kazi ya kuitana, hapo hakuna aibu, kwa hiyo Disa akatuita. Maj-Len naye alikuwepo kwa Pasaka, na mumewe. Runar akaingia botini, akawasha. Injini ikanguruma mara ya kwanza tu, ikatoa moshi, na sisi tukacheka kwa furaha. Disa hakucheka. Alikuwa ameshika nguzo ya gati kwa mikono miwili.

Krister ndiye aliyeona. Ubavuni mwa injini, chini, maji yalikuwa yanachuruzika kutoka kwenye mstari mwembamba, kama uliochorwa kwa penseli. Akamwangalia Runar. Runar akaizima mwenyewe, akampisha. Krister akachomoa kijiti cha kupimia oili, akatuonyesha. Oili ilikuwa na rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa; maji yalikuwa yameiingia.

"Imepasuka," mkwe akasema, kana kwamba sisi ni vipofu.

"Nani aliifunga?" Maj-Len akauliza. Alimwangalia baba yake. Sote tulimwangalia. Mzee wa watu alikuwa anaitazama mikono yake, akiigeuza, kama mtu anayetafuta alichokiangusha.

"Mimi," Disa akasema.

Runar akainua kichwa. "Wewe?"

"Nilitaka kujaribu. Sikukuambia."

Sikuwa nimepata kumsikia Runar akimpandishia mkewe sauti katika miaka yote niliyowajua. Alimpandishia pale, mbele yetu sote. "Kwa nini hukuniuliza, mwanamke? Kuna spoki ukutani. Unachokonoa. Ipo pale pale ukutani, hata kipofu angeipapasa. Umeniulia injini."

"Ndiyo," Disa akasema. "Nimekosea."

Krister akanitazama. Nikataka kusema, naye akanikanyaga mguu. Wanaume wa huku kwa kukanyaga miguu hawajambo.

Fundi aliyeitwa alipapasa ule mstari kwa kidole, akasema chuma hicho hakishoneki. Maj-Len hakuhitaji kukumbusha mtu walichopatana. Mwezi wa Mei tuliwavusha kwa boti yetu, na masanduku, na saa ya ukutani. Runar alikaa mbele akiipa nyumba mgongo. Disa alikaa nyuma akiitazama mpaka ikafichwa na mwamba.

Mjini wana chumba kimoja safi chenye dirisha linalotazama maegesho ya magari. Jiko hakuna, kwa ajili ya usalama. Kahawa hutoka kwenye mashine ya ukumbini, na ladha yake ni ya mashine. Runar sasa amesahau karibu yote. Amesahau Tallgrund. Jina la binti yake halijui, na la mkewe siku nyingine analo, siku nyingine hana. Lakini lile moja amebaki nalo, na humweleza kila anayekaa karibu naye: wauguzi, wazee wenzake, hata mtu aliyekuja kutengeneza taa.

Nilipokwenda mara ya mwisho alinishika mkono. "Unamwona yule mama pale, anayefuma?"

"Namwona, mzee."

"Ndiye aliyeniulia injini. Spoki ilikuwepo ukutani."

"Ni kweli," Disa akasema kutoka kitini kwake. "Ni mimi."

Nikafungua mdomo. Disa hakuinua hata kichwa kutoka kwenye soksi yake.

"Kunywa kahawa yako," akaniambia.

Nikanywa.