Rafu za Mlingoti

Rafu za duka la Mama Mkubwa zilipigwa kwa urefu wa mumewe, na mumewe alikuwa mrefu kupita kiasi. Mtaa mzima ulimwita Mlingoti. Wiki waliyofungua duka alisimama katikati ya chumba, misumari mdomoni, akanyoosha mkono, na pale kiganja kilipofika akaweka alama ya penseli. Mama Mkubwa, aliyekuwa akimfika mbavuni, alimwambia kwamba yeye hatafika huko hata akipanda juu ya kaunta. Akajibiwa, "Kwani mimi naenda wapi?"

Alifariki nikiwa darasa la tano. Rafu zikabaki juu, na Mama Mkubwa akabaki chini na duka zima la vifungo, nyuzi, zipu, lastiki na bitana. Watu walidhani atauza. Hakuuza, wala hakushusha ubao hata mmoja. Alichofanya ni kuwaajiri wateja bila mshahara.

"Wewe mrefu," alikuwa akimwambia mtu aliyekuja kutafuta kifungo kimoja cha koti, "hebu pita huku unishushie lile boksi la kijani. Silo hilo. La kushoto. Kushoto kwako wewe, si kwangu mimi."

Mteja aliinua kibao cha bawaba kilichokuwa mwisho wa kaunta, akapita nyuma, akashusha boksi, likawa silo, akalirudisha, akashusha jingine. Kufikia boksi la tatu alikuwa ameshasimulia kwamba koti ni la harusi ya mdogo wake, na kwamba mdogo mwenyewe anaoa mtu ambaye mama yao hataki hata kumsikia. Mama Mkubwa alikuwa na maoni juu ya hilo. Alikuwa na maoni juu ya kila kitu, na aliyatoa ameegemea kaunta kwa viwiko, bila haraka. Fundi cherehani wa jirani, mtu ambaye nyumbani kwake hakuwa na maneno hata ya kuazima, alikuwa akija kuchukua uzi mweusi saa nne na kuondoka saa sita kasoro.

Nusu ya utoto wangu niliimalizia pale. Nikitoka shule nilikalishwa kwenye gunia la mabaki ya vitambaa na kupewa bakuli la vifungo nivichambue, vya matundu mawili huku, vya manne kule. Siku hizi chumba kile kinauza makava ya simu, na nikiweza kuzungukia mtaa mwingine nazunguka. Harufu ya maboksi ya karatasi ngumu yaliyokaa miaka bado inanisimamisha popote ninapokutana nayo. Nalikumbuka lile duka kuliko nyumba tuliyokuwa tukiishi.

Sasa niingie kwenye kosa langu. Mwaka wa pili chuoni, nikisomea usanifu wa ndani, tulipewa kazi moja iliyobeba alama za muhula mzima: tafuta duka la mtaani kwenu, lipime, chora upya nafasi yake, na mwenye duka akikubali, lijenge. Mimi wakati huo nilikuwa najua kila kitu. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja na seti nzima ya rula.

Nilikwenda kwa Mama Mkubwa nikiwa nimejiandaa kumbembeleza. Nilikuwa na hoja saba, zimeandikwa. Sikufika hata ya pili.

"Utakuwa unakuja kupima?" aliuliza.

"Kila siku, kama wiki saba hivi."

"Basi pima."

Nikapima. Kila alasiri, kwa wiki saba, nilikuwa pale na futi na daftari. Yeye alipika chai kwenye jiko dogo la nyuma na kunisimulia habari za bibi yangu alipokuwa msichana, za siku Mlingoti alipokuja kuposa akagonga kichwa kwenye kizingiti, za mama yangu na viatu alivyoviazima bila kuomba. Mara mbili tatu nilimwomba anyamaze kidogo, maana nilikuwa nahesabu. Alinyamaza. Nikiyakumbuka hayo leo natamani nijizabe kofi.

Nilichokuwa nahesabu ni dakika. Nilichora ramani ya duka na kufuatilia kila mteja kwa penseli nyekundu, na ramani ikaishia kuonekana kama uzi uliochezewa na paka. Kununua kifungo kimoja: dakika kumi na tisa. Nikaandika pembeni, kwa mwandiko mzuri wa kujivunia: "Wateja wanaingia nyuma ya kaunta. Usumbufu. Uondolewe."

Ukaondolewa. Seremala alifanya kazi siku mbili. Rafu zilishuka mpaka kwenye mkono wa Mama Mkubwa, nilioupima kuanzia begani hadi ncha ya kidole. Kila aina ikapata droo yake, kila droo ikagongewa kifungo kimoja mbele kuonyesha kilichomo. Kuta tukazipaka rangi ya maziwa. Kile kibao cha kaunta tukakipigilia misumari. Mama Mkubwa alizunguka, akafungua droo moja, akaifunga, akafungua nyingine.

"Limependeza," alisema. "Mpaka naona aibu kukaa humu na kanga hii."

Watahini walikuwa waje baada ya mwezi, waone duka likifanya kazi. Wiki ya tatu nilirudi kuhesabu dakika mpya kwa ajili ya ripoti. Nilikaa pembeni kuanzia saa nane. Akaja mama mmoja akitaka zipu: dakika mbili. Akaja mwanafunzi wa ushonaji: dakika moja na nusu. Fundi cherehani akaja kuchukua uzi wake mweusi, akapewa, akasimama kidogo akiangalia kile kibao kilichopigiliwa, akaaga, akaenda. Dakika moja. Mimi huku moyo unanidunda kwa furaha.

Kisha akaja bwana mmoja na kifungo cha mfano mkononi, cha kahawia, matundu manne. Mama Mkubwa alifungua droo yenyewe, nikaviona vifungo vyenyewe, vimejaa tele. Akaifunga. Akafungua ya zipu. Akafungua ya sindano, akaipekua taratibu, akamwuliza yule bwana kama koti ni lake au la mtu. Nikaandika kwenye daftari: "Mmiliki bado hajazoea mpangilio."

Yule bwana akasema koti ni lake. Kisha, kwa kuwa kila droo ilikuwa na alama mbele, akanyoosha kidole juu ya kaunta na kumwonyesha: si hii hapa? Akahudumiwa, akaondoka. Mama Mkubwa akapanga viganja vyake juu ya kaunta na kutazama mlango. Hakuna aliyeingia kwa muda mrefu. Alikuwa hasomi, hashoni, hahesabu chochote. Ndipo nilipoelewa kwamba mpangilio alikuwa ameuzoea siku ya kwanza, na kwamba mimi ndiye niliyempa kiti cha kungojea watu watakaokaa naye dakika moja. Nilisikia haya mpaka masikioni.

Nilimfuata seremala jioni ileile.

"Mara shusha, mara pandisha," alisema. "Nyinyi wasomi mnanifanya mwanasesere. Misumari ni yangu hii?"

"Nitakununulia misumari. Pandisha palepale zilipokuwa, na kile kibao cha kaunta ukifungue."

"Na mtihani wako?" aliuliza Mama Mkubwa alipotuona tukiingia na ngazi. Hakusema niache.

Watahini wawili walifika wakakuta rafu mita mbili na sentimita thelathini juu ya sakafu. Mkubwa wao alipima mwenyewe. Kisha akaomba ruhusa, akampima na Mama Mkubwa: mita moja na sentimita arobaini na nane. Akaniomba nieleze. Nilieleza vibaya. Nilisema kitu kuhusu watu kupita nyuma ya kaunta, na yule mtahini akaandika huku akitikisa kichwa kwa huruma. Nilifeli. Likizo nzima nilirudia kazi ile kwenye duka la viatu, nikafanya kila kitu kwa mujibu wa kitabu, nikafaulu vizuri.

Lakini kwanza nilikwenda kumpa Mama Mkubwa matokeo. Nilimkuta fundi cherehani juu ya stuli na maboksi mawili kwapani, akilalamikia mkwewe. Nilisubiri. Alipoondoka nilisema alama zangu, na Mama Mkubwa akafyonya, akawaita wale watahini majina ambayo sitayaandika.

"Mama Mkubwa," nikamwambia, "mbona hukuniambia tangu mwanzo kwamba hutaki?"

"Nani kasema nilikuwa sitaki?"

"Ulitaka rafu zishushwe?"

"Rafu zina nini?" Alianza kukusanya nyuzi zilizobaki juu ya kaunta. "Tangu uende chuo ulikuwa unapita hapo nje na wenzako, unanipungia mkono. Unafanya vizuri, sisemi. Msichana mkubwa ana mambo yake. Halafu siku ile ukaingia na makaratasi, ukasema utakuwa unakuja kila siku." Akafunga nyuzi fundo. "Mwanangu, ungesema unataka kubomoa ukuta, ningekwambia bomoa."

Tangu watahini waondoke nilikuwa sijakanyaga pale kwa siku kumi na nane. Kazi ilikuwa imekwisha. Niliinua kibao, nikapita nyuma ya kaunta, nikamwomba anisimulie tena ile habari ya bibi, kwa kuwa mara ya kwanza nilikuwa nahesabu.