Zebaki Ilinitia Ganzi, Nikapelekwa Kupumzika

Nawasalimu wote, kila mmoja kwa salamu anayoitumia nyumbani kwake. Mama mwenyekiti wa kikundi chetu ameniomba nisimame, lakini nitaongea nimekaa, na nitaongea taratibu, maana ulimi wangu bado huchelewa kidogo kwenye maneno marefu. Msinionee huruma. Nilikotoka kulikuwa kubaya kuliko hapa.

Mimi ni Minza, wengi mnaniita Mama Kulwa. Nimezaliwa Samuye, Shinyanga, kwenye boma la ng'ombe, na nimeolewa na mtu wa huko huko. Mvua zilipotukatalia, mimi na Baba Kulwa tulihamia Kharumwa, kwenye machimbo ya dhahabu. Yeye akakodi shamba, mimi nikaingia mwaloni. Kwa wasiojua, mwalo ni pale mawe ya dhahabu yanaposagwa na kuoshwa. Nilianza kwa kuuza chai na maandazi, baadaye nikaosha mchanga, mwisho nikawa mchomaji. Kazi yenyewe iko hivi. Unachanganya mchanga uliooshwa na zebaki ndani ya beseni, unaukanda kwa mkono, zebaki inakamata dhahabu. Unakamua kwa kitambaa, kinabaki kidonge cheupe. Hicho unakichoma juu ya mkaa. Zebaki inaondoka na moshi, dhahabu inabaki.

Moshi ule hauna harufu na hauchomi macho. Unaweza kuuvuta huku unapiga stori. Nilichoma kwa miaka, nyuma ya nyumba yetu, chini ya bati, na watu waliniletea kazi kwa sababu sikupoteza hata punje. Nilikuwa mtu wa maneno mengi na kicheko. Nalisema hili kwa sababu wengi humu mmenijua baadaye.

Ugonjwa ulianzia mdomoni. Niliamka na ladha ya chuma, kama nimelamba msumari, na ladha ile haikuondoka. Fizi zikavimba. Nikipiga mswaki natema damu. Mate yakawa mengi mpaka yanalowesha mto. Nikadhani ni jino, nikang'olewa, na jino lenyewe lilikuwa zima. Kisha usingizi ukakata. Kisha vidole. Ganzi ilianza kwenye ncha, kama mtu aliyelalia mkono. Nikawa naukung'uta nikisubiri ipite, haipiti. Ikapanda hadi kwenye kiwiko. Ikaingia miguuni. Kandambili zilikuwa zinanivuka njiani, naendelea kutembea mguu mtupu, mpaka mtu aniite nyuma.

Siku moja asubuhi niliipua sufuria ya uji kwa mikono mitupu nikaiweka chini. Binti yangu Kulwa akaniangalia.

"Mama, ngozi inatoka."

Nikatazama viganja. Kweli ilikuwa inatoka. Harufu ya kuungua niliisikia. Maumivu sikuyasikia.

Mikono ikaanza kutetemeka. Watu wakasema nakunywa. Nikawa na hasira za ghafla, nafokea watoto kwa jambo lisilokuwepo, halafu nakaa kimya siku nzima. Na hapo ndipo kuna jambo ambalo ni gumu kulieleza. Ganzi haikubaki kwenye ngozi. Mama yangu mzazi alifariki wakati huo. Nilisimama kaburini pale Samuye, ndugu zangu wote wanalia, mimi natazama jinsi udongo ulivyokauka. Mdogo wangu Leah akanishika bega.

"Dada, lia."

"Sina cha kulia, Leah."

Haikuwa jeuri. Nilitafuta ndani nikakosa. Nilimpenda mama, nilijua hivyo kama mtu anavyojua jina la kijiji chake, lakini mahali pa kusikia uchungu palikuwa pamezibwa.

Tulikwenda kwa mganga, akasema wenzangu wamenitupia kitu. Tulikwenda kwenye maombi. Maombi siyakatai, hadi leo naomba. Zahanati walinipima malaria, sukari, presha na virusi, vyote sina. Nikapewa vidonge vya vitamini nikarudi kuchoma. Mwisho Baba Kulwa akanipeleka Mwanza, hospitali kubwa, na huko nikakutana na daktari mmoja, binti mdogo tu kwa umri.

"Shikamoo mama. Unafanya kazi gani?"

"Marahaba. Mimi ni mfanyabiashara."

"Biashara ya nini?"

"Nachoma dhahabu."

Akaweka kalamu chini. Akaniambia ninyooshe mikono, akaweka karatasi juu yake, karatasi ikacheza mpaka ikadondoka. Akaniambia nichore duara. Lilitoka limevunjikavunjika. Kisha akaniambia nifumbe macho, atanichoma kidogo na pini miguuni, niseme nikisikia. Nikafumba. Nikangoja.

"Umeshaanza, daktari?"

"Nimeshamaliza, mama."

Vipimo vya mkojo vilipotoka alituita wote wawili. "Ni zebaki," alisema. "Imeingia kwenye mishipa ya fahamu. Nitakupa dawa, lakini dawa kubwa ni kutoka pale. Usichome tena. Usikae kwenye ile nyumba, usilalie lile godoro. Ukiacha kuongeza, mwili utaitoa wenyewe polepole. Na upumzike. Siyo kupumzika kwa kubadilisha kazi."

"Nitapona?"

"Utapata nafuu. Kwa kiasi gani, siwezi kukuahidi."

Baba Kulwa si mtu wa maneno. Nje, kwenye benchi, alisema tu, "Mimi nitawarudisha watoto Samuye. Wewe nenda kwa Leah."

Leah ni mwalimu, alikuwa amepangiwa Lushoto, kwenye milima ya Usambara. Nikamwambia mume wangu, likizo ni ya watumishi. Mwanamke wa kwetu anasafiri kwa msiba, harusi au uzazi. Kusafiri ili ukakae tu, sikuwahi kumwona aliyefanya. Kharumwa walisema, "Mume analima, mke ameenda kutembea." Nilisikia wakisema, na hata hilo halikuniuma. Hakuna kilichokuwa kinauma.

Lushoto kuna baridi na ukungu. Nyumba ya Leah iko kwenye mteremko, chini yake kuna migomba na bustani za kabichi, na barabara inazunguka kama mkanda. Siku ya kwanza nilishika ufagio, ukaniponyoka, nikauokota, ukaniponyoka tena. Leah akauchukua.

"Dada, hapa huna kazi. Ukikuta sahani chafu, ipite."

"Sasa nifanye nini?"

"Kaa."

Nikakaa. Alinitolea kigoda ukutani, jua linapopiga asubuhi. Nilikuwa nakaa pale mpaka jua linahama, nahama nalo. Wanawake wa Kisambaa wakipita na mizigo ya mboga wananisalimia, naitikia. Leah akitoka shuleni ananimenyea mapeasi. Jioni tunatembea, polepole sana, kwa sababu nilikuwa naangalia miguu yangu ili nijue iko wapi. Kuna siku alinifikisha kwenye genge, mahali ambapo mlima unakatika na unaona tambarare yote chini, barabara nyembamba, vijiji vidogo, kivuli cha wingu kinatembea juu ya mashamba.

"Unaonaje?" akaniuliza.

Nilijua ni pazuri kwa sababu watu walikuwa wanapiga picha. Nikasema, "Ni mbali." Leah hakuudhika. Alikaa chini kwenye jiwe, nami nikakaa, tukakaa hapo mpaka wapiga picha wakaondoka.

Sitawadanganya kwamba milima iliniponya. Nilikuwa nakula, nalala, nakaa. Lakini mwili ulikuwa unafanya kazi yake bila kunishirikisha. Kwanza ile ladha ya chuma ikaondoka. Nilikuja kugundua nilipokunywa chai na nikajua ina tangawizi. Fizi zikaacha kutoa damu. Usingizi ukaanza kunichukua mchana pale ukutani, nikiamka nimefunikwa blanketi. Mikono ikapunguza kutetemeka. Ganzi ndiyo iliyogoma.

Shule zilipofungwa, mwalimu mwenzake Leah alitualika kwao Pangani, kwa mama yake, mjane anayeitwa Bi Mwanaidi. Nyumba yake iko karibu kabisa na ufuko, uwani kuna minazi. Bahari ilikuwa kubwa. Nilishaambiwa kwamba ni kubwa.

"Shikamoo, Bi Mwanaidi."

"Marahaba, mwanangu. Ndiwe unayetoka kwenye dhahabu?"

"Ndimi."

"Mbona huna hata kipini?"

"Hatukuwa tunavaa. Tulikuwa tunachoma."

Akacheka. Mimi nilijaribu. Baada ya hapo hakuniuliza tena. Alinilisha wali wa nazi na samaki wa kupaka, alinitandikia jamvi barazani, na akawa anakaa karibu yangu akisuka ukili, saa nzima. Pale hakuna aliyekuwa na haraka. Hata maji yakitoka, yanatoka taratibu, yanaacha mchanga mrefu uliolowa, na baadaye yanarudi.

Asubuhi moja maji yametoka, nilitembea peke yangu ufukweni. Nilipogeuka kurudi niliona alama za nyayo zangu, na mguu wa kulia kila alama ilikuwa na wekundu. Nikainua unyayo. Kombe lilikuwa limenikata, limeingia, nyama inaonekana. Nilikuwa nimetembea nalo muda wote ule. Nikakaa kwenye mchanga. Nilifikiri, basi ndivyo nitakavyokuwa. Nitakatwa, nitaungua, nitazika watu, nami nitakuwa naona tu, kama naangalia mambo ya jirani. Bi Mwanaidi alinikuta hapo. Aliniegemeza mpaka nyumbani, akaosha kidonda, akakifunga kwa kitambaa safi, na hakusema pole nyingi.

Tulikaa. Kidonda kikaanza kufunga. Siku moja Bi Mwanaidi akasema twende nikausafishe mguu kwa maji ya bahari. Nikaingia mpaka maji yakafika chini ya magoti. Nikasimama. Kulikuwa na kitu kwenye unyayo. Mwanzoni sikukitambua, kilikuwa kama mtu anayeniita kutoka mbali. Kikaongezeka.

"Bi Mwanaidi, chumvi inachoma."

"Basi toka, mwanangu."

"Niache kidogo."

Nikabaki pale. Kilikuwa kinachoma kweli, kinapanda mpaka kifundoni. Bi Mwanaidi alinitazama, halafu akakunja kanga yake akaingia majini, akasimama pembeni yangu. Tulisimama hapo mpaka Leah akaja kutuita chakula.

Machozi hayakuja siku hiyo. Yalikuja ndani ya basi, tunarudi Lushoto, nilipokumbuka jinsi mama yangu alivyokuwa anaita kuku wake. Nililia njia nzima ya mlima. Leah hakuniambia ninyamaze. Abiria wa nyuma alinipa leso.

Nilirudi Shinyanga baada ya mavuno. Tunaishi Samuye sasa, kwenye nyumba ya udongo ambayo haijawahi kuingiwa na moshi ule. Nafuga kuku, nashona mashuka. Daktari alinipima tena, akasema zebaki imepungua sana. Vidole viwili vya mkono wa kushoto havijarudi, na nikichoka ulimi unakuwa mzito. Kuna siku bado naamka sisikii lolote moyoni, natazama watoto wangu wanavyokula kama natazama kupitia kioo. Siku hizo nakaa tu barazani, na huwa inapita.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mume wangu, aliyepika na kuogesha watoto huku watu wanamcheka. Namshukuru Leah, na yule daktari, na Bi Mwanaidi. Wabeja sana, kama tunavyosema kwetu.

Nyinyi mnaochoma, nawaomba mfanye jambo moja. Msichomee nyumbani, na ukiona ladha ya chuma mdomoni, usiende kwa fundi wa meno. Nenda hospitali, na ukiulizwa kazi yako, itaje kwa jina lake. Na ukiambiwa upumzike, pumzika. Wataongea. Waache waongee.

Mwezi uliopita nilikwenda Kharumwa kumsalimia Mama Shija, tuliyekuwa tukichoma naye. Alinikaribisha uji. Kikombe kilifika mkononi mwangu nusu kikiwa kimemwagika, na yeye akafuta meza kwa haraka, akaanza kuongea habari za mvua. Nilimwacha amalize. Kisha nikamwomba anyooshe mikono. Alikataa, akacheka, mwisho akainyoosha. Niliingia chumbani kwake nikamtolea viatu na kitenge kizuri, nikampigia simu Baba Shija nikamwambia nimemchukua mkewe, na tukaenda kituoni kupanda gari la Mwanza, kwa yule daktari.

Yupo pale nyuma, amekaa karibu na mlango. Ataanza safari ya Lushoto, kwa Leah, wiki ijayo.