Wafalme wa India Makaburini Mudzipela

Watu wengi hufedheheka wakiwa wamesimama, au kwa uchache wakiwa wameketi. Mimi nilifedheheka nikiwa ndani ya kaburi, tena kaburi la mtu mwingine, nimevaa koti na tai, maji ya mvua yakinifika kiunoni, na kwa kuwa nusu ya mtaa wa Mudzipela ilikuwa imesimama ukingoni ikinitazama, sioni faida ya kuwaficha ninyi rafiki zangu jambo ambalo kila muuza mihogo wa Bunia analijua.

Wakati huo vita vilikuwa vimechoka bila kwisha. Shule niliyofundishia historia ilijaa wakimbizi, nami nilikuwa nimepata kibarua cha ukalimani uwanja wa ndege, kwa askari wa kulinda amani, wale wa kofia za buluu, kwa sababu Kiingereza changu (nilijifunza ng'ambo ya ziwa, kwa viboko) kilikuwa kizito lakini sahihi. Huko nikajuana na Sajini Prakash, fundi wa helikopta kutoka India, mtu mpole, masharubu yake yamechanwa vizuri hata siku za risasi, ambaye aliniita Guruji, yaani mwalimu wa kuheshimiwa, jina lililonivimbisha kichwa kuliko nilivyostahili. Prakash alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa kuingia utumishi wa serikali ya kwao. Alinieleza kwamba wanaoufanya ni kama nyasi na nafasi zenyewe ni kama miti michache iliyoota humo. Kwamba mtu huruhusiwa kujaribu mara chache tu kabla umri haujamfungia mlango. Na kwamba mlango wake yeye ulikuwa umebaki mwanya. Akirudi likizo angeufanya kwa mara ya mwisho, na akianguka, basi angekaza skrubu mpaka uzee. Somo lililomwangusha kila mara lilikuwa historia ya nchi yake mwenyewe.

"Guruji, uniulize maswali," aliniomba. "Nikiwa peke yangu najidanganya kwamba najua."

Mtu mwingine angechukua kitabu, akakifungua popote, akauliza. Mimi nilisema (hapa ndipo nilipojikwaa, ingawa kuanguka kulikuja baadaye) kwamba mwalimu hamuulizi mwanafunzi jambo ambalo yeye mwenyewe hajalihifadhi, nikaomba aniazime kitabu chake, kitabu kinene, cha pekee alichokuwa nacho, chenye maelezo yake ya penseli pembeni mwa kila ukurasa.

Ninyi mnajua jinsi tulivyosoma sisi. Kwetu somo haliingii kwa macho, linaingia kwa miguu na kwa mdomo. Mwanafunzi wa Bunia anayetaka kubloke, yaani kukariri kwa ajili ya mtihani, hutafuta mahali pasipo na watu, akatembea huku na huko akisema kwa sauti mpaka maneno yashike, na mahali pasipo na watu, tangu tulipokuwa vijana, ni makaburini. Nyumbani kwangu jamaa waliokimbia Djugu walikuwa wamelala hadi chini ya meza. Basi kila alfajiri, amri ya kutotoka nje ilipokwisha tu, nilikwenda makaburini.

Mahali pale palikuwa pamebadilika tangu siku za ujana wangu. Makaburi ya zamani yalikuwa na saruji na misalaba. Ya vita yalikuwa matuta tu, mengine mapya hata udongo ulikuwa bado unatitia, na ukungu ulilala juu yake mpaka kifuani mwa mtu, hivi kwamba nilitembea kama kichwa kinachoelea. Sauti yangu haikwenda mbali. Ilikwenda kidogo, kisha ikasimama, kama iliyokutana na mtu. Lakini nilikuwa na kazi. "Babur!" nilitamka. "Humayun! Akbar! Jahangir!" Na kila mfalme nilimpa kimya kidogo kabla ya kueleza namna alivyotawala na namna alivyokufa, kwa sababu ndivyo kumbukumbu inavyopenda kutendewa.

Baada ya muda niligundua kwamba ukungu una watu. Mwanzoni alikuwa mama mmoja, ameketi juu ya kaburi la saruji, kitenge kichwani. Nikimkaribia anainamisha uso. Kisha wakawa watatu.  Nilidhani wana wafu wao pale (nani hakuwa nao?), nikaendelea na wafalme wangu. Asubuhi moja yule wa kwanza akanijia. Alikuwa Mama Ruza, muuza mihogo, mkimbizi kutoka Bule.

"Muwalimu, siye tunasikiaka," akasema. "Weye unaitaka majina ya bafu, bale balikufa, na unabaachia nafasi ya kuitika. Mutoto yangu Ngabu alibakia mu pori kule Bule. Hatukuona mwili, hatukufanya matanga. Umuite naye."

Nilifungua mdomo nimweleze juu ya mtihani, juu ya Prakash na utumishi wa serikali ya India, nikaona maelezo yangu yote, ingawa ni ya kweli, ni madogo kuliko uso wake. Nikageukia ukungu. "Akbar!" nikaita. "Ngabu! Jahangir!" Mama Ruza akashusha pumzi ndefu, akaenda sokoni.

Nilidhani itakuwa mara ile tu. Kesho yake walikuja wengi, kila mmoja na jina lake mdomoni, na ningemkatalia yupi? Hapa lazima niwakumbushe vijana kwamba miaka ile jina lilikuwa jambo la hatari. Kwa jina tu mtu alijua wewe ni wa upande gani, na wapo waliokufa kwa sababu ya jinsi walivyoitwa. Mchana watu wale wasingeketi benchi moja. Lakini pale alfajiri, kati ya jina la upande huu na jina la upande ule, mimi nilitia Mhindi, bila hila yoyote, kwa kuwa ndiye aliyefuata katika kitabu. Nilimsikia Papa Dezire, fundi baiskeli, akimnong'oneza jirani yake:

"Huyu Aurangzeb iko mutu ya upande gani?"

"Miye sijue. Lakini naye alikufa."

Asubuhi ya mkasa ilikuwa pia siku ya safari ya Prakash. Nilivaa koti na tai ili nikitoka makaburini niende moja kwa moja uwanjani, nimuulize maswali kwa mara ya mwisho na kumrudishia kitabu. Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Jana yake mtu fulani alichimbiwa kaburi, na lilikuwa wazi, likimngoja. Ukungu ulikuwa mzito hata watu nikawajua kwa kikohozi.

"Humayun!" nikaita. (Huyu, kwa msiomjua, alikufa kwa kuanguka katika ngazi za maktaba yake, mikono imejaa vitabu; nilikuwa nimemcheka moyoni.) Kimya. "Akbar!" Kimya. "Ngabu!"

"Prezan!"

Ilikuwa sauti ya mwanamume, kutoka ndani ya ukungu, upande wa matuta mapya. Ndivyo tunavyoitika sote darasani, majina yanapoitwa.  Nami, mtu mwenye vyeti, nikafanya jambo ambalo mjinga asingelifanya: kwa mazoea ya ualimu, nikarudia. "Ngabu?"

"Prezan, muwalimu!" Sasa ilikuwa karibu zaidi, na ukungu ukaanza kuota mabega.

Sikumbuki kuamua kukimbia. Nakumbuka tu kwamba niliwapita wanawake wenye watoto mgongoni, nikampita Papa Dezire ambaye alikuwa kijana wa mbio siku zake, kisha ardhi ikanikosa, nikajikuta chini, ndani ya maji baridi, kuta za udongo pande zote, kitabu cha Prakash kikiwa chini ya tumbo langu. Juu yangu miguu ilipita ikikimbia, halafu nikasikia sauti ya Mama Ruza, ambaye peke yake hakukimbia.

"Ngabu, kama weye iko mufu, simama paleile. Kama weye iko muzima, kuya hapa."

"Mama," sauti ikajibu, "niko na njaa."

Baada ya kilio kirefu cha watu wawili, mkono uliteremka kaburini. "Muwalimu, unanikumbuka? Nilikuwaka mu klasi yako. Nilitoka mu pori, nikawa napita ku njia, nikasikia unafanya apeli, unaita majina."

Watu wakarudi mmoja mmoja, wakanikuta ningali chini. "Angalia mambo!" Papa Dezire akapasua kicheko. "Anaita bafu, mumoja anaitika, na ye mwenyewe anaingia mu kaburi!" Wakanivuta juu; yeye akakipokea kitabu mkononi mwangu, akaona picha ya mfalme mwenye kilemba. "Na hawa ndugu, Humayun na benzake, iko banani?"

Nikasema kweli, nikichuruzika maji.

"Basi siye tulikuwa tunalilia bafalme ya Bahindi!" Wakacheka mpaka wakashikana mabega, watu wa pande zote mbili, nami nikacheka, nikidhani yamekwisha.

Mama mmoja, aliyenipa majina mawili, hakucheka. "Basi anza tena," akasema. "Sasa polepole. Ungojee."

Nikaanza tena, bila wafalme. Baada ya kila jina sote tuligeukia ukungu. Hakuna aliyeitika. Jua likapanda, ukungu ukapungua, tukaanza kuona mbali, matuta, kisha mikaratusi, na nyuma ya mikaratusi hakukuwa na mtu. Kila aliyesikia jina alilolileta limekwisha kuitwa aliondoka bila kuaga.

Kurasa za kitabu zilikuwa zimegandana kama sombe, majani ya mihogo yaliyotwangwa. Prakash alikipokea kwa mikono miwili, akasema "Guruji" tu, na mimi nikamwambia aketi. Nikamsomea chote kutoka kichwani, kwa tope langu, nimesimama chini ya mkia wa helikopta, naye akirudia kila sentensi, mpaka walipomwita aondoke.

"Unanyamaza baada ya kila jina," alisema akifunga mkoba. "Unamngoja nani?"

Nikamnyanyulia mkoba. Mwenzake alinieleza, miezi mingi baadaye, kwamba Prakash alifaulu mtihani. Alieleza pia kwamba rafiki yangu alipokuwa akijikumbusha kwa sauti, baada ya Akbar alikuwa akitaja jina ambalo hakuna mfalme wa India aliyewahi kuwa nalo, kisha anatulia, sikio ameliinua.

Tangu hapo nimeapa kutoita jina la mtu isipokuwa darasani, jua likiwaka, mwenye jina nikimwona kwa macho. Ngabu anauza mihogo na mama yake, na kila nikipita anapaza sauti: "Prezan, muwalimu!" Soko zima linacheka, nami nacheka nao; ila kwanza natazama chini, nione miguu yangu imesimama juu ya nini.