Mhubiri Aliyekuwa Mwizi wa Ng'ombe

Ndugu zangu wa huko nyumbani ziwani mmeniuliza mara nyingi fundi cherehani wa mjini Kisii alifuata nini Nyansiongo. Nilitumwa. Kanisa letu lilikuwa limeombwa kumfanya mchungaji mzee mmoja aitwaye Ongeri, aliyehubiri kule mpakani mwa Wagusii na Wakipsigis. Wazee wa kanisa waligawanyika, maana ujanani Ongeri alikuwa mwizi wa ng'ombe na kila mtu alilijua hilo. Wakaona heri aende mtu asiye na ukoo naye, akae kidogo, aone kwa macho yake. Mimi Mjaluo nikachaguliwa.

Niliondoka Kisii asubuhi, juu ya lori lililobeba chumvi na sabuni. Kupita Kiogoro ukungu ulikuwa bado umelala mabondeni, na wanawake walikuwa wameinama katika wimbi wakipalilia. Mara mbili tulishuka kusukuma lori kwenye matope.

Keroka nilimkuta Mzee Ongeri akinisubiri kando ya barabara, mtu mfupi, mguu wa kulia unachechemea. Mkewe, Mama Moraa, alitutengea ugali wa wimbi na mboga chungu za mgagani zilizolainishwa kwa maziwa. Nilikuwa natafuta namna ya kuanza, mzee akanitangulia.

"Fundi, najua umekuja kwa habari ya ng'ombe. Kula kwanza."

Mama Moraa akacheka mpaka akaweka kibuyu chini. Nami nikala kwa raha.

Kesho yake, Jumapili, tulishika njia ya Nyansiongo kwa miguu. Huko ndiko kuna mashamba ya walowezi, na vibarua wao ni Wagusii na Wakipsigis. Njiani akanieleza habari ya mguu. Alichomwa mkuki akiiba ng'ombe wa Wakipsigis, wenzake wakamwacha. Mama mmoja wa boma lile alilokwenda kuiba akamfunga jeraha na kumlisha mpaka akapona. Alikaa huko hata akaijua lugha yao vizuri. Miaka ilipita ndipo akaokoka. "Niliposoma kwamba tuwapende adui," akasema, "nilikuwa nimeshakunywa maziwa yao."

Tulipofika Nyansiongo hapakuwa na ibada. Mitamba wawili wa arap Koech, mtoto wa yule mama aliyemfunga mzee jeraha, walikuwa wamepotea. Vijana wa Kikipsigis walisimama upande mmoja wa banda la mahindi wakiwa na pinde, Wagusii upande wa pili wakiwa na mapanga. Nilitamani kurudi Keroka.

Mzee aliwasalimu wote, kila kundi kwa lugha yake, akawaomba wamngoje. Kisha akaniongoza kupita vibanda vya vibarua, akitazama viatu vya kila mtu, hadi kwa mmoja, Mokaya, aliyekuwa ameketi mlangoni, viatu vimejaa udongo mwekundu.

"Mokaya, sikuulizi kama umeiba," mzee alisema. "Nauliza kama wale ng'ombe wamekunywa maji."

Mokaya akaikunja miguu yake ndani ya mlango.

"Katika lile korongo la udongo huo mwekundu nimelala mimi na ng'ombe wa watu. Jani likianguka nilidhani ni mtu. Hata nyama yao sikuila kwa raha."

Mokaya akafunika uso. "Nikiwarudisha wataniua, tata," akasema, akimwita baba kwa Ekegusii.

"Nitatangulia mimi. Wewe shika kamba."

Basi tukarudi hivyo: mzee mbele akichechemea, Mokaya na mitamba nyuma yake, mimi mwisho. Pinde ziliinuliwa. Arap Koech akatoka katikati ya vijana wake, akawapapasa mitamba mgongoni, akamgeukia Mokaya. Kisha akasema jambo kwa lugha yake, na pinde zikashuka. Wengine walicheka.

"Amesemaje?" nikamwuliza mzee.

"Amesema mimi nilipofika kwao sikuwa na ng'ombe hata mmoja wa kurudisha. Huyu amenizidi."

Ibada ilianza jua likiwa limepanda sana. Mzee alihubiri sentensi moja Kikipsigis, moja Ekegusii. Mokaya aliketi karibu na mlango, lakini hakutoka.

Kurudi Kisii nilipata lori la maziwa. Wazee walikuwa wananingoja. Mmoja aliniuliza kama kweli mtu huyu ameyaacha maisha yake ya kale.

"Wizi ameuacha," nikajibu. "Lugha aliyojifunza huko, na hofu ya mwizi anavyoijua, hivyo bado anavyo, na ndivyo vilivyozuia damu isimwagike."

Tangu safari ile, mteja akiniletea nguo kuukuu siharakishi kumwambia aitupe. Naigeuza kwanza nione kitambaa. Wazee walikubaliana siku ile niliyorudi kwamba awe mchungaji, na kanzu ya uchungaji nikaishona mimi. Mzee Ongeri alipokuja kuipima aliniomba niifupishe kidogo, kwa kuwa njia za Nyansiongo zina umande mwingi.