Tembo la Asubuhi

Mdogo wangu Muhidini si mlevi. Naanza na hilo kwa sababu Kilindoni nzima, hapa kisiwani Mafia, kuanzia sokoni mpaka uwanja wa ndege, wanamwita Mlevi, na wanaomwita hivyo ni watu wale wale aliowabeba bure kwenye gari lake na wagonjwa wao. Sina haja ya kuwataja. Wanajijua.

Sisi ni watu wa Kiegeani. Baba alikuwa mvuvi wa juya, ule wavu wa kukokota. Hifadhi ya bahari ilipokuja na kupiga marufuku majuya, akaachana na bahari akawa mgema. Asubuhi akiteremsha vitoma, vile vibuyu vya kukingia tembo, kutoka mnazini, sisi watoto tulikuwa tunamsubiri chini na vikombe. Tembo la asubuhi ni tamu, na kwetu halijawahi kuitwa pombe. Mtoto analinywa kwa muhogo wa kuchemsha, kisha anakwenda zake chuoni kusoma Kurani. Likikaa mpaka jioni linachacha, linakuwa kali. Hilo kali ndilo pombe, na baba hakuturuhusu hata kulinusa. Muhidini amekua hivyo mpaka akaota ndevu.

Ukubwani alipata pikapu, akawa anapeleka mizigo ya hoteli Utende: maji, mchele, magodoro, mitungi ya gesi. Walinzi wa geti la hifadhi walimzoea wakawa wanamfungulia bila kumtazama. Gari ile aliitunza kuliko alivyomtunza mkewe, na mkewe mwenyewe atakwambia. Alikata bima kubwa, si ile ndogo ya kumnyamazisha trafiki, na stika yake pale kwenye kioo aliifuta kwa kitambaa kila Ijumaa. Nilimcheka. Nikamwambia, "Hapa Mafia utagongana na nani wewe, na nazi?"

Akasema, "Dada, bima kubwa maana yake lolote likitokea, mimi nalala usingizi."

Lolote. Ndivyo alivyoelewa, na aliyemkatia hakumwambia vingine.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, saa tatu asubuhi. Alikuwa anatoka Utende na gari tupu, akasimama kwangu Kiegeani kama kawaida. Baba alikuwa ameshafariki. Minazi yetu ilikuwa inagemwa na mtu mwingine, ananiletea tembo nyumbani nalitia kwenye vitoma vyangu. Nikampa Muhidini kata moja na kipande cha muhogo. Akanywa, akaniaga, akaondoka.

Hakufika mbali. Kutoka njia ya mashambani alitokea Abeid na bodaboda yake, akaingia barabarani bila kutazama kulia. Nyuma yake alikuwa amempakia Mwalimu Jovina. Muhidini aliniambia baadaye, "Niliwaona, dada. Mguu tu ulichelewa kufika kwenye breki." Abeid alivunjika mkono. Jovina alifariki kabla ya adhuhuri.

Huyo Jovina alikuwa mtu wa Bukoba, anafundisha darasa la tatu, ndiye aliyemfundisha binti yangu kusoma. Alikuwa anakuja kwangu kununua nazi, tunataniana namna anavyoyatamka maneno yetu ya pwani. Nilimlilia kama ndugu. Hilo nalisema ili mtu asidhani namtetea Muhidini kwa kuwa simwoni marehemu.

Kituoni alikuwepo Afande Valence, mtu wa bara, ana miezi mitatu tu kisiwani. Kipima ulevi hakikuwepo, kimekwenda kutengenezwa. Damu haikuchukuliwa. Kwa hiyo akauliza kwa mdomo, "Leo umekunywa nini?"

Na Muhidini, mjinga wangu wa haki, akajibu, "Tembo, kata moja."

Afande akaandika kwamba mtuhumiwa amekiri kunywa pombe ya mnazi. Alipomsomea, Muhidini akasema, "Afande, si pombe hiyo. Ni tembo."

"Tembo si pombe?"

"La asubuhi si pombe."

Afande akaweka kalamu chini. Akamwambia kwamba dereva wa gari la biashara sheria haimruhusu hata tone, liwe la asubuhi au la usiku wa manane. Muhidini akatia saini. Alipata malezi ya kutobishana na mtu mwenye kofia.

Mimi nilikwenda kubishana. Nilisimama kaunta nikamweleza Afande tembo ni nini, tangu kwenye kole la mnazi, lile ua linalogemwa, mpaka kwenye kikombe cha mtoto, na sikuchagua maneno. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia, "Mama, hayo ukayaseme mahakamani."

Kabla ya mahakama ikaja barua ya bima. Godlove, wakala aliyemkatia, alitusomea kwa sauti ya chini. Familia ya marehemu kampuni itailipa fidia, maana sheria inailazimisha, kisha itamgeukia Muhidini airudishe yote. Pikapu ni juu yake mwenyewe.

Nikamwambia, "Si alikata bima kubwa?"

"Dereva akiwa amekunywa, mama, kubwa na ndogo ni mamoja. Imeandikwa kwenye mkataba."

Mkataba wa Kiingereza, herufi kama chawa. Nilimtukana Godlove siku ile, na sijamwomba radhi.

Kwa hiyo kila kitu kikabaki kwenye ile kata moja. Likiwa tamu, Muhidini ni dereva aliyeingiliwa na bodaboda. Likiwa kali, ni mlevi aliyeua mwalimu. Akaniambia, "Dada, njoo useme tu ukweli. Wewe ndiye uliyenipa."

Nikaenda. Nikaapa kwa msahafu. Hakimu akaniuliza tembo lilikuwa la lini.

"La asubuhi ile ile, mheshimiwa. Tamu."

"Ulilionja?"

"Nililionja."

Sikulionja.

Jumatatu, siku moja kabla ya ajali, kulikuwa na harusi ya jirani, nikarudi nimechoka, kitoma sikukiosha. Asubuhi nikamimina tembo jipya juu ya mabaki ya jana. Mtoto yeyote wa mgema anajua kitoma kisichooshwa kinalichachusha jipya upesi. Mimi ni mtoto wa mgema. Na Muhidini alipopiga funda la kwanza aliniambia, "Dada, mbona lina ukali?" Nikamjibu, "Kunywa, acha deko." Akanywa, kwa sababu nimesema mimi.

Ningeyasema hayo pale kizimbani, pengine hakimu angemwona mtu aliyedanganywa na dada yake, si mtu aliyekwenda kulewa. Niliogopa. Niliwaza wataniweka ndani mimi, niliwaza watu wa Kiegeani watasema nini. Muhidini alikuwa amesimama hatua chache tu, ananitazama, anangoja niseme. Niliposema nililionja, akainamisha kichwa. Yeye mwenyewe alipoulizwa kama ana la kuongeza, akasema hana.

Hakimu alisema shahidi ni dada, neno lake halina uzito, na mshtakiwa alishakiri. Miaka mitatu jela, na leseni ikachukuliwa.

Alirudi mwaka jana. Hawezi kuendesha, na hata angeweza hakuna wa kumpa gari. Sasa anagema minazi ya baba. Hajaniuliza kitu, hajanigombeza, shikamoo yangu ananipa kila siku. Lakini kila asubuhi kabla hajapanda anavikusanya vitoma, anavisugua kwa mchanga na maji moto, mara tatu, mbele ya mlango wangu. Akimaliza ananiletea kimoja kimoja mpaka puani.

"Nusa, dada."

Nanusa. Namwambia, "Kisafi."

Ndipo anakwenda kupanda.